Packers Watamchukua Nani? Utabiri wa Karani wa Kibirizi

Mwezi wa pili ukifika naulizwa swali moja na watu wale wale: binamu yangu aliye Milwaukee, na vijana wachache wa hapa Kigoma niliowaambukiza huu ugonjwa. Mwaka huu Green Bay Packers, timu yangu ya futiboli ya Kimarekani, watamchukua nani kwenye drafti, ule mgao wa vijana wanaotoka vyuoni? Huwa najibu kwa kutaja jina ambalo si la mchezaji: Brian Gutekunst. Ndiye meneja mkuu wa Packers tangu Januari 2018, na neno la mwisho kwenye chumba cha kuchagulia ni lake. Vijana wanaocheza futiboli ya vyuo vikuu kule Marekani ni maelfu kwa maelfu, na kila Aprili wanachaguliwa mia mbili hamsini na kitu. Mtu mwenye kazi, mke na watoto atawajulia wapi wote? Gutekunst ni mmoja tu, na ana tabia zake. Huyo anasomeka.

Kazi yangu ni ukarani pale mwalo wa Kibirizi. Mitumbwi ikirudi alfajiri mimi ndiye nakaa na kaunta buku, naandika nani kaleta ndoo ngapi za dagaa na nani anadaiwa mafuta ya injini. Kaunta buku ya pili, yenye jalada jeusi, ni ya Packers. Mke wangu anazijua zote mbili, na anajua ipi inaleta hela.

Niliingia huku kwa sababu ya jezi. Huyo binamu ni wa upande wa mama, watu wa Fizi, ng'ambo ya ziwa. Walikaa kambini Nyarugusu miaka mingi, kisha familia yao ikapelekwa Wisconsin. Akapata kazi, akanikumbuka, akanitumia kifurushi. Nafungua, nakuta jezi ya kijani na njano yenye herufi G. Sasa mimi ni Simba. Tena Simba wa kurithi: baba Simba, babu Sunderland. Siku nilipojipa moyo nikaivaa kwenda kijiweni Mwanga, wazee wa Yanga walisimama mmoja mmoja kunipa mkono wa pongezi kwamba hatimaye nimeongoka. Ilibidi nieleze. Na ukishaanza kuwaeleza watu timu usiyoijua, inabidi uijue.

Nikaijua, na nikaipenda kwa mambo ambayo binamu hakunitajia. Green Bay ni mji mdogo, watu kama laki moja hivi, kando ya maji ya Ziwa Michigan. Hauna ubavu wa New York wala Chicago, lakini una timu tangu 1919. Timu yenyewe haina tajiri. Ni ya wenye hisa, walianza kuziuza 1923, na leo wenye hisa wamepita laki tano. Hisa hiyo haikulipi gawio na huruhusiwi kuiuza kwa faida. Unabaki na karatasi yako ukutani na haki ya kwenda mkutano mkuu. Timu ya wananchi hasa. Neno hilo linaniuma kulitamka, mashabiki wenzangu wa Mnyama wanaelewa.

Kueleza timu hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa drafti.

"Hao vijana wananunuliwa shilingi ngapi?" aliniuliza mzee mmoja pale kwenye kahawa, huku anamenya kashata yake kwenye karatasi.

"Hawanunuliwi, mzee. Wanachaguliwa. Timu ziko 32, raundi saba. Iliyoshika mkia msimu uliopita inachagua ya kwanza, bingwa anachagua wa mwisho."

"Na kijana akisema hiyo timu siitaki?"

"Atamchezea nani mwingine? Timu ikishamtaja, haki ya kumsajili ni yake."

Mzee akanywa funda moja, akatafakari. "Kumbe ni kama kupangiwa shule ya kidato cha tano. Umefaulu, roho yako iko Tabora Boys, TAMISEMI wanakutupa Ruvuma."

"Ndiyo hivyo, mzee wangu. Ila huku anayekupangia ni yule aliyefeli kuliko wote."

Kijiwe kikacheka. Kijana mmoja wa bodaboda hakucheka, yeye alikuwa ameshapiga hesabu. "Si watu watafungwa makusudi, bro? Mkia wenyewe una zawadi." Swali zuri, na Wamarekani wenyewe wanabishana nalo kila mwaka. Ligi yao haina kushuka daraja, kwa hiyo anayefungwa mechi kumi na tano anarudi mwakani akiwa bado ndani. Wenzao wa mpira wa kikapu waliona hatari hiyo wakaanza kupiga bahati nasibu ya nafasi mwaka 1985. NFL, yaani ligi hii ya futiboli, hawana bahati nasibu. Aliyeharibu kuliko wote anachagua mwanzo, basi.

Ukitaja mpira wa kikapu Tanzania umeshamwita Hasheem Thabeet. Hapo hata wasiojua NFL ni nini waliingia kwenye mazungumzo. Mwaka 2009 kijana wetu alichukuliwa na Memphis Grizzlies nafasi ya pili kwenye drafti nzima ya NBA. Nafasi ya tatu akachukuliwa James Harden. Ya saba, Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota wa dunia. Kila nikisema hivyo kijiweni kuna mtu anashika kichwa, wakati sisi tulipaswa kujivuna: Mtanzania alitajwa kabla ya Curry, na hilo halitafutika kwenye vitabu vyao. Mimi jambo hilo nalitazama kwa upande wa Memphis. Walikuwa na mtu wa mita 2.2 mbele yao, aliyekuwa anafuta mipira chuoni Connecticut atakavyo, na urefu ule ukawajaza macho. Kila ofisi ina kitu chake inachokipenda mpaka haioni vingine. Ukikijua hicho kitu, nusu ya utabiri umeshaumaliza hata kabla hujamtazama mchezaji mmoja.

Basi nifungue jalada jeusi.

Kwanza, ulinzi. Kuanzia 2012 hadi 2023 Packers walitaja watu 13 kwenye raundi ya kwanza. Kumi na wawili ni wa ulinzi: Nick Perry, Datone Jones, Ha Ha Clinton-Dix, Damarious Randall, Kenny Clark, kisha 2017 wakaiuza nafasi yao, kisha Jaire Alexander, Rashan Gary na Darnell Savage mwaka mmoja, Eric Stokes, Quay Walker na Devonte Wyatt mwaka mmoja, Lukas Van Ness. Mtu ambaye angekaa usingizini miaka yote hiyo na kuandika tu "beki" kila Aprili angewashinda wataalamu wanaolipwa. Aliyebaki, wa kumi na tatu, ni Jordan Love, na huyo nitamrudia maana ndiye somo lenyewe.

Pili, umri. Hawa jamaa wanapenda watoto. Kenny Clark alichaguliwa 2016 akiwa na miaka 20. Gary, Love na Van Ness walikuwa na 21. Mchezaji wa miaka 24, hata awe na sifa za kujaza gunia, mimi simwandiki raundi za juu.

Tatu, miili. Kila mwisho wa Februari vijana wanaitwa Indianapolis wapimwe: mbio za yadi 40, ambazo ni kama mita 36 na nusu, kuruka juu, kuruka mbele, kunyanyua chuma cha ratili 225, yaani kilo 102 hivi, mara nyingi uwezavyo. Kuna Mmarekani anaitwa Kent Lee Platte aliyechukua vipimo hivyo vyote akavigeuza alama moja kati ya 0 na 10, kwa kumlinganisha mtu na wenzake wa nafasi ile ile. Majina ya Packers yanajazana kule juu, kwenye nane na tisa. Kwa hiyo ninapokuta kijana anasifiwa kwa akili na moyo wa kujituma lakini alama yake ni nne, namwachia Chicago, mahasimu wetu.

Nne, mafundi wa mstari wa mbele. Wanatafuta kijana aliyelinda upande wa kushoto wa kwotabeki, yule mrusha pasi, akiwa chuoni, kisha wanamhamishia popote wanapotaka. David Bakhtiari, raundi ya nne 2013. Zach Tom, raundi ya nne 2022. Rasheed Walker, raundi ya saba mwaka huo huo. Jordan Morgan, raundi ya kwanza 2024. Anthony Belton, raundi ya pili 2025. Wote chuoni walikuwa kushoto.

Tano, chuo cha Georgia. Stokes 2021, Walker na Wyatt 2022, Javon Bullard 2024, Warren Brinson 2025. Sijui nani ana shamba kule.

Nilikuwa na la sita pia, na lenyewe lilikuwa linapendwa na kila mtu anayetabiri Packers: kwamba hawachukui mpokeaji, yule mdaka pasi, raundi ya kwanza. Wa mwisho alikuwa Javon Walker mwaka 2002. Baada ya hapo wapokeaji wao wakubwa karibu wote walitoka raundi ya pili: Greg Jennings 2006, Jordy Nelson 2008, Randall Cobb 2011, Davante Adams 2014. Watu wakaifanya sheria. Mimi nilikuwa nimeiwekea alama ya kuuliza tangu 2022, maana mwaka huo Gutekunst alitoa nafasi mbili za raundi ya pili, ya 53 na ya 59, akawapa Minnesota ili apande hadi nafasi ya 34 amchukue Christian Watson. Nafasi ya 34 ni hatua mbili tu nje ya raundi ya kwanza. Mtu mwenye mwiko na wapokeaji halipi hivyo.

Kwa hiyo Aprili 2025, drafti ilipofanyika Green Bay kwenyewe, mimi nilikuwa na jina la mpokeaji. Watson alikuwa ameumia goti Januari. Matthew Golden wa Texas alikuwa na miaka 21 na alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.29. Chuo kikubwa, umri mdogo, mbio za kutisha: ni Gutekunst mtupu. Drafti ilianza saa moja usiku Alhamisi kwa saa za kule, huku kwetu ni saa tisa usiku kuamkia Ijumaa, saa nzuri sana kwa mtu wa mwaloni kwa sababu muda wa kulala ulishapita. Zamu ya Packers, nafasi ya 23, ilipofika kulikuwa kunakaribia kupambazuka na nilikuwa Kibirizi na bando langu linapumua kwa shida. Picha iliganda. Ujumbe wa sauti wa binamu ndio ulionifikia wa kwanza: mayowe, mayowe, kisha Kibembe, kisha mayowe. Alikuwa amesimama nje ya Lambeau Field, uwanja wa Packers, na umati wote ule. Picha ilipoachia nikaona jina: Golden.

Hapo ndipo ninaposema tofauti ya tabia na sadfa. Ulinzi, umri, miili, hizo ni tabia. Zina sababu, kuna mtu anazifanya akijua anachofanya. Kutochukua mpokeaji raundi ya kwanza ilikuwa mfululizo wa miaka ambayo mpokeaji anayefaa hakuwepo zamu yao ilipofika, au alikuwepo mlinzi waliyempenda zaidi. Anayetabiri kwa kuhesabu tu, bila kuuliza kwa nini, siku moja mkeka wake unachanika vibaya.

Na Love? Mwaka 2020 kila mtu alikuwa anawadai Packers mpokeaji wa kumsaidia kwotabeki wao, Aaron Rodgers. Gutekunst akawapa Miami nafasi ya raundi ya nne juu, akapanda kutoka 30 hadi 26, akachukua kwotabeki. Mashabiki walitaka kuzimia. Lakini rudi nyuma 2005: Packers wana Brett Favre, gwiji, hawana shida ya kwotabeki hata kidogo, na nafasi ya 24 wanamchukua Rodgers. Wakamkalisha benchi miaka mitatu mpaka 2008. Gutekunst wakati huo alikuwa skauti, msaka vipaji, kwenye klabu hiyo hiyo. Ameona kwa macho yake kwamba kwotabeki unamtafuta kabla ya kumhitaji. Love naye akakalishwa miaka mitatu, akashika usukani 2023. Rodgers kwa hasira au kwa kitu gani akashinda tuzo ya mchezaji bora wa ligi 2020 na 2021 mfululizo, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Ukitazama mahitaji ya timu, jina la Love lilikuwa haliwezekani. Ukitazama maisha ya anayechagua, lilikuwa pale pale.

Ndiyo maana sizisomi sana hizi orodha za utabiri wa timu zote 32 zinazojaa mtandaoni. Wanaandika kwa kunakiliana. Mwaka huo huo wa Golden karibu wote walimweka Shedeur Sanders raundi ya kwanza. Raundi ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu, ya nne. Cleveland Browns wakamtaja raundi ya tano, nafasi ya 144, tena wakiwa wameshachukua kwotabeki mwingine, Dillon Gabriel, raundi ya tatu. Wote walikuwa wamemtazama kijana na jina la baba yake, gwiji Deion Sanders. Ofisi inayomtaka kwa bei ile hawakuitafuta, na haikuwepo.

Sasa tuje mwaka huu, 2026, drafti iko Pittsburgh kuanzia tarehe 23 Aprili, na vijana wangu wananicheka. Agosti iliyopita Packers walimchukua Micah Parsons, nyota wa ulinzi, kutoka Dallas. Malipo: Kenny Clark, pamoja na nafasi za raundi ya kwanza za 2026 na 2027. "Kaka, mwaka huu huna cha kutabiri," ananiambia yule wa bodaboda, ambaye siku hizi anajua mambo kuliko alivyotakiwa. Aliwahi kuniuliza kama kuna odi kubwa humo. Nikamwambia mimi sibeti, na yeye kwa mkopo wa pikipiki alionao asibeti vilevile.

Cha kutabiri kipo, tena kitamu zaidi. Raundi ya kwanza kila mtu ana majina yale yale hamsini. Raundi ya pili na ya tatu ndipo anayemjua mchaguaji anapoachana na anayejua majina.

Naanza na alichonacho mfukoni. Wamarekani wana jedwali la thamani za nafasi lililotoka Dallas Cowboys enzi za kocha Jimmy Johnson: nafasi ya kwanza pointi 3,000, ya 32 pointi 590, na zinaendelea kuporomoka. Kupanda kutoka katikati ya raundi ya pili hadi raundi ya kwanza kunataka mali, na mali kubwa ya mwakani ameshampa Dallas. Gutekunst ni mpandaji kwa asili, alipanda kwa Alexander, kwa Savage, kwa Love, kwa Watson. Mwaka huu naandika kwamba hatapanda mbali. Akisogea, atashuka apate nafasi za ziada.

Chaguo lake la kwanza naandika beki wa pembeni. Stokes aliondoka, Alexander waliachana naye Juni 2025, na kwenye drafti ya mwaka jana hawakugusa beki wa pembeni mpaka raundi ya saba, nafasi ya 237, Micah Robinson wa Tulane. Awe na miaka 21 au 22, na asipungue futi 5 na inchi 10, maana wafupi zaidi ya hapo hawawagusi. Wa pili naandika jitu la katikati ya ulinzi, la kuziba pengo la Clark. Hapo ndipo ninapomwona mtu wa Georgia.

Kisha mahali fulani raundi ya tatu au ya nne, fundi wa mstari aliyelinda kushoto chuoni. Mkataba wa Rasheed Walker unaisha mwezi wa tatu, na mtu aliyechaguliwa raundi ya saba akageuka mlinzi wa kudumu wa kwotabeki huwa anaenda kulipwa kwingine. Kwotabeki siandiki. Love amesaini hadi mbali, na kwa saa ya Green Bay, 2005 kisha 2020, bado kuna muda. Mpokeaji siandiki juu ya raundi ya tano; mwaka jana walichukua wawili, Golden na Savion Williams. Mpiga teke sitabiri kamwe. Nina heshima yangu.

Majina nimeyaacha wazi kwa makusudi. Indianapolis wanaanza kupima mwisho wa mwezi huu, na pembeni ya kila mstari nimeacha nafasi ya kasi, uzito na tarehe ya kuzaliwa. Raundi ya pili itaanza saa nane usiku kuamkia Jumamosi ya tarehe 25 Aprili. Mwaloni nitakuwepo. Ukiwa unamjua beki wa pembeni mrefu, mwenye mbio, ambaye hajapita miaka 22, nitumie jina lake mapema. Akiwa amesoma Georgia, nipigie kabisa.